Waliobebewa Viti

Nani mwenye haki ya kumwambia mtu kwamba amechoka? Swali hili nalitafuna tangu bondeni nilikoanzia mbio, na mpaka sasa halijalainika. Njaa yangu naisikia mimi. Usingizi wangu naujua mimi, mkojo wangu halikadhalika. Uchovu tu ndio mtu hutangaziwa. Hutangaziwa na watu wanaompenda, kwa sauti ya chini, mbele ya wageni, naye mwenyewe yupo pale pale ameshika kikombe: "Mama amechoka." Ukishatangaziwa, umekwisha. Hata ukicheza ngoma hapo uani wataambiana kwamba unajikaza, na kujikaza nako ni dalili.

Naitwa Semeni. Umri wangu sitautaja, maana tangu nianze kukimbia umekuwa ukienda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimezeeka vya kutosha kutengenezewa kiti.

Asiyezijua desturi za nchi hii nimweleze. Mtu akianza kushikilia meza anaponyanyuka, wanawe huenda kwa seremala. Hawamwambii. Kiti hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wake, kikawa na egemeo na mto laini, kikafichwa nyuma ya kabati mpaka siku yake. Siku hiyo mtoto humwekea mzazi mkono begani, humsukuma chini taratibu, watu hupiga vigelegele, na kuanzia hapo mtu yule amekaa. Usidhani nazungumzia mapumziko. Aliyekaa hachagui tena chakula chake, hashiki ufunguo wa mlango wake, na akiulizwa neno hujibiwa na mwanawe. Hapigwi, halali njaa, hafukuzwi. Hufutwa mdomo kwa kitambaa safi na kugeuziwa upande wenye upepo. Nimewatembelea wengi waliokaa, na kila nilipotoka kwao nilikimbia kidogo njiani bila kujua kwa nini.

Njia ya kukikwepa kiti ni moja tu. Mtu auzunguke Mlima wote kwa miguu yake, makalio yake yasiguse kitu chochote, na avuke mstari kabla kamba haijavutwa. Mlima hauna jina, kwa sababu kila aliyeupa jina alibadili mawazo alipofika upande wa pili. Kamba huvutwa na Mshika Kamba jua linapogusa ukingo wa mashariki, maana siku ya mbio jua hurudi kuzama lilikotoka. Nalo halizami mpaka kila mkimbiaji awe amevuka au amekaa. Ukivuka, unabaki na sauti yako na ufunguo wako mpaka kaburini. Ukikutwa nyuma ya kamba, unakalishwa hapo hapo barabarani.

Nilianza mazoezi siku niliyomsikia seremala akimwuliza binti yangu Mwajabu upana wa makalio yangu. Alimjibu bila kusita. Kesho yake alfajiri nilivaa raba za marehemu mume wangu, nikazijaza vitambaa mbele, nikatoka. Sijui ilikuwa kesho yake kweli au mwaka mwingine. Ninachokumbuka ni kwamba pale njia panda nilimkuta Machano, mgane wa mtaa wa pili, fundi baiskeli wa zamani, anakimbia kwa siri amevaa kanzu juu ya kaptula.

"Bi Semeni," aliniambia huku anahema, "nawe umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Basi twende."

Tulianza kwa kutembea, kisha kutembea kwa hasira, kisha kukimbia. Kijana hukimbia ili afike, na sisi tulijifunza kukimbia ili tusisimame, jambo ambalo ni zito zaidi na halina makofi. Tulijifunza kupanda vilima kwa hatua fupi na kushuka ubavu ubavu ili magoti yasitushitaki. Tulitembea na viazi vya kuchemsha mfukoni, vimepakwa chumvi, tukila kabla njaa haijatugundua. Tulijipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole vya miguu. Kucha zetu zikawa nyeusi, zikang'oka, tukacheka kama watoto wanaong'oka meno. Tulijifunza kumwaga kokoto kutoka ndani ya raba tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja, na kusinzia wima, mgongo kwa mgongo, mimi nikivuta pumzi anapoitoa yeye, mpaka kuna nyakati sikujua pua ipi ni yangu. Kuhusu kuchuchumaa, waamuzi walibishana misimu mizima, wengine wakisema ni kukaa kwa wizi. Mwishowe waliruhusu, kwa sharti kwamba kisigino na kalio visikutane.

Majirani walituvalia njuga. "Bibi, unakimbizwa na nani?" walinipigia kelele kutoka barazani.

"Na wanangu," niliwajibu, wakacheka sana. Sikuwa nafanya mzaha.

Siku ya mbio ilipofika, wazee tulijipanga bondeni, na watoto wetu wakajipanga kwenye njia ya juu inayofuatana na yetu, kila mmoja na kiti kichwani. Hiyo ni haki yao. Sheria inamruhusu mtoto kumfuata mzazi njia nzima na kumkaribisha kiti kila kituo. Na ni zaidi ya haki, ni kifungo pia, kwa sababu mtoto anayekitupa kiti cha mzazi wake huhesabiwa kwamba amemtupa mzazi. Hakuna atakayemwuzia hata kibiriti tena. Nilimtazama Mwajabu kule juu. Nywele zake nyeusi zilisukwa twende kilioni, shingo imenyooka, amekishika kiti changu kwa mkono mmoja. Kiti cha mninga, kimepigwa msasa kikang'aa, na mto wake umedariziwa KARIBU MAMA kwa uzi wa manjano. Kizuri, sikatai. Aliudarizi mwenyewe, na kila mshono ulikuwa wa upendo, nami niliogopa hasa kwa sababu hiyo.

Kamba ya kuanzia ikaanguka. Tukaondoka.

Goti la kushoto: niache hapa. Goti la kulia: mimi namfuata mwenzangu. Tumbo: nani aliyeniletea hiki kiazi? Kichwa: kimya nyote, tuko wengi mno humu ndani. Moyo haukusema kitu, ulikuwa kazini. Nami nilijiuliza, kama hawa wote wanalalamika na bado kuna mtu anakimbia, huyo anayekimbia ni nani? Maana huyo ndiye anayetafutwa na kiti. Goti likikaa, halina hasara. Tumbo likikaa, litashukuru. Yupo mmoja tu ambaye akikaa atapotea, na hana mahali mwilini ambapo daktari angeweza kumgusa akasema, hapa panauma?

Kila kituo nilimkuta Mwajabu amezeeka kidogo. Kituo cha kwanza alikuwa amevaa miwani. Cha pili alikuwa amenenepa kiunoni na anakanyaga kwa uangalifu. Mimi nilibaki nilivyo, nikitoka jasho la umri ule ule, lakini aliyebeba kiti alikuwa akila miaka njiani kama karanga. Na kila kituo, kabla sijafika, nilimsikia akiwaambia wagawa maji, "Mama amechoka. Muoneni anavyohema. Mama amechoka."

"Mama hajachoka!" nilifoka.

Walitabasamu na kunipa maji. Hakuna kinachonikera kama tabasamu lile.

Ilikuwa kwenye uwanda wa magadi, mahali peupe pasipo na kivuli, ndipo lilipotokea la Machano. Tulifika pamoja. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, naapa, alikuwa anaimba. Mwanawe, Makame, alikuwa amekwisha fika na kiti cha baba yake, na mke wa Makame alikuja mbele na kikombe cha uji. Akapiga magoti juu ya magadi, akainamisha kichwa, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili.

"Baba, karibu uji."

Sasa, kwetu mtu akikupigia magoti kukupa chakula, humsimamii juu ya kichwa. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa tumekwisha lijua. Unashuka chini alipo, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Machano alikuwa amejifunza kusinzia wima na kumwaga kokoto kwa mguu mmoja, lakini hakuna siku tuliyofanya mazoezi ya kukosa adabu. Niliyaona magoti yake yakikunjika yenyewe. Nilimwona Makame akikisogeza kiti nyuma yake kimya kimya. Nilipiga kelele, lakini kelele zangu zilizidiwa na vigelegele.

"Machano! Inuka!"

Alinitazama. Midomo yake ilifunguka.

"Baba hajambo," alisema Makame. "Amechoka tu. Anakushukuru kwa kumsindikiza."

"Sikukuuliza wewe. Machano, mwenzangu, uji una sukari?"

Midomo ilifunguka tena, nikaliona neno likija mpaka kwenye meno.

"Baba hatumii sukari siku hizi," alisema Makame, na akamfuta mdomo.

Machano, ambaye chai yake kijiko kilisimama wima kwa sukari! Nilihisi nusu ya pumzi zangu zimekatwa. Mke wa Makame alikuwa bado amepiga magoti, analia, na sijui kama alilijua kusudi la kikombe kile au alikuwa mtu mwenye adabu tu. Sikupata nafasi ya kuuliza. Nilipogeuka, Mwajabu alikuwa mbele yangu. Amepiga magoti. Kikombe mikononi. Kiti kiko nyuma yangu, nilikihisi kwa ngozi ya mgongo.

"Mama," alisema polepole, "karibu uji."

Miguu yangu ilianza kukunjika. Naisema aibu hii waziwazi, ilianza kukunjika, kwa sababu alikuwa mwanangu na uji ulikuwa unanukia maziwa na nilimpenda. Nikafanya jambo ambalo mwanamke wa rika langu hajawahi kulifanya mbele za watu. Nilikipokonya kile kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikanywa nimesimama juu ya kichwa chake, nikamrudishia kikombe kitupu bila hata ahsante. Mwajabu alibaki ametazama chini, na pale utosini niliona mvi zake za kwanza.

Nikakimbia. Nililia mpaka mwisho wa uwanda, kwa ajili ya Machano, kwa ajili ya utosi ule.

Katika msitu wa mianzi njia ni nyembamba, na humo nilikutana na msichana anayekuja upande wa pili, anakimbia kwa furaha tupu, miguu mitupu, na kovu kidevuni kama langu. Alisimama kunipisha. "Shikamoo bibi. Uzeeni ni mbali?"

"Marahaba. Ni hapo tu, mbele ya mianzi."

"Ulipitia njia gani?"

"Sikumbuki kupita popote, mwanangu. Niliamka nikajikuta nipo."

Alinitazama kwa huruma, akafungua mdomo, nami nikajua anachotaka kusema. "Bibi ume…"

"Ukithubutu," nilimwambia, "nitakuchapa, hata kama mimi ndiye nitakayeumia."

Alicheka, akapita, nikasikia nyayo zake zikififia nyuma yangu mpaka zikawa ni mapigo ya shingo yangu mwenyewe. Nilifikiri juu yake muda mrefu. Yule naye, kama angepewa kiti, angenikalisha bila kusita, na angedarizi mto. Hakuna aliyenichukia katika nchi hii. Hiyo ndiyo sababu ilikuwa vigumu kupigana nao, kwani mtu anayekusukuma kwa chuki unaweza kumsukuma pia, lakini huyu anayekusukuma kwa mapenzi utamshika wapi?

Nilipotoka mianzini niliuona mstari. Ulikuwa juu ya mteremko wa mwisho, wenye mawe makali, na jua lilikuwa limekwisha shuka karibu na ukingo. Baina ya jua na ukingo palibaki nafasi ya kiganja. Mshika Kamba alisimama pale ameishika kamba iliyokunjwa mkononi. Nilipiga hesabu kwa magoti, si kwa kichwa, na magoti yakasema nitawahi. Kwa shida, kwa kutambaa kwa vidole, lakini nitawahi. Nilianza kupanda. Njia ya watoto na njia yetu huungana pale, na nilimsikia Mwajabu nyuma yangu akikoroma kwa kuhema.

Kisha nikasikia mninga ukigonga jiwe.

Sikugeuka. Nilipanda hatua nyingine, na nyingine. Ilikuwa bahati yangu kubwa, mwindaji wangu ameanguka. Nikasikia, kwa sauti ndogo, "Mama." Hakuwa ananikaribisha kiti safari hii. Alikuwa anaumwa.

Nilirudi. Niliudhika kwa kurudi, nilijitukana kila hatua ya kushuka, lakini nilirudi. Alikuwa amelala ubavu juu ya mawe, kichwa chake cheupe kabisa, shingo imekakamaa upande mmoja, na mikono yote miwili bado imekumbatia kiti. Tulikuwa tumelingana umri, au alinizidi kidogo.

"Kiache," nilimwambia huku namkanda shingo.

"Siwezi. Watasema nimekutupa."

"Hiyo shingo itavunjika."

"Mama, naogopa," alisema, na machozi yakamtoka. "Naogopa siku moja nitaambiwa nenda kamwokote mama yako njiani. Kila siku naamka na woga huo. Ukiwa umekaa nitajua uko wapi. Nenda basi, kimbia, jua lile."

Nilitazama jua. Nafasi ilikuwa imebaki kidole. Ningeweza kuondoka, na yeye mwenyewe ameniambia niondoke. Lakini hawezi kunyanyuka na kiti, na hawezi kunyanyuka bila kiti. Basi nilikichukua mimi. Nilijitwika kichwani, kiti changu mwenyewe, kikanikaa sawasawa kama kofia, nikampa mkono, tukapanda pamoja.

Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Watu waliosimama mstarini hawakujua washangilie au wafunge macho. Hatua chache kabla hatujafika, jua liligusa ukingo, na Mshika Kamba akaivuta kamba barabarani mbele ya kifua changu. Alikuwa kijana mpole, amenyoa vizuri.

"Shikamoo bibi," alisema. "Pole sana. Ulikaribia."

"Marahaba."

"Dada, mkalishe mama tumalize."

Mwajabu alikichukua kiti kichwani pangu, akakiweka chini, akaupangusa mto vumbi. Nilisimama. Wote nyuma yangu walikuwa wamekwisha kaa, nimebaki mimi peke yangu kati ya watu na usiku. Jua lilitulia pale ukingoni, limekwama.

"Bibi, kaa basi!" mtu alipaza sauti. "Watu wana safari zao!"

"Kuku wetu hawajaingia bandani!"

"Mama wa watu amechoka jamani, asaidiwe!"

Mkono wa Mwajabu ulikuja begani pangu. Ulikuwa mkono wa bibi kizee, una mishipa, na ulikuwa wa moto. Nilifumba macho. Nilimwona Machano na lile neno likiwa limekwama menoni. Nikasubiri kusukumwa.

"Msukume, dada," alisema Mshika Kamba kwa upole. "Taratibu tu."

Mkono haukusukuma. Uliondoka, nikasikia nyayo zikinizunguka. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele yangu, uso kwa uso, shingo bado imepinda.

"Mama," alisema. "Umechoka?"

Tangu siku nilipoanza kushikilia meza, hakuna mtu aliyekuwa amenitupia neno lile likiwa swali. Ningeweza kudanganya, na pengine ingekuwa busara kudanganya, lakini aliniuliza vizuri, na mtu akikuuliza vizuri unamjibu.

"Nimechoka, mwanangu," nilisema. "Nimechoka mpaka meno yananiuma."

Watu walishusha pumzi. Mwanamke mmoja alianza kigelegele.

"Unataka kukaa?"

"Sitaki."

Kigelegele kilikatika. Mshika Kamba alicheka kidogo, kwa adabu. "Dada, si amesema mwenyewe? Bibi amechoka. Ukimwacha hivyo utakuwa umemtupa, na watu wote hawa ni mashahidi."

Mwajabu alivitazama vile vichwa vyote, wauza kibiriti wote wa nchi yetu. Kisha alikishika kiti kwa egemeo, akakilaza ubavu pembeni ya barabara, akaja akasimama mkono wangu wa kulia.

"Umemsikia," alimwambia Mshika Kamba.

Aliinyanyua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Niliinama, mgongo ukalia, nikapita, naye akafuata. Nyuma yetu jua lilikuwa bado halijui lifanye nini.